Nimehama vya Kutosha: Soko la Umeme la Texas na Sisi Tuliomo

Katika kila mkusanyiko wetu hapa Texas, uwe msiba, ubatizo au Idi, kuna mtu anayevutwa pembeni na kuulizwa mambo ya uhamiaji, na mwingine anayeulizwa mambo ya magari mitumba. Mimi, kwa kosa la kusomea uhandisi wa umeme, navutwa pembeni na kuwekewa bili mkononi. "Hebu angalia hii, injinia. Wananiibia?" Imekuwa hivyo tangu mwaka 2002. Nimesimama na sahani ya pilau mkono mmoja na bili ya mtu mkono wa pili mara nyingi kiasi kwamba mke wangu amependekeza nianze kutoza ada.

Leo nataka kusimulia historia ya jambo hili, kwa sababu vijana waliokuja juzi wanadhani ni kawaida ya dunia mtu kuchagua kampuni ya umeme kama anavyochagua laini ya simu. Si kawaida. Hata hapa Marekani majimbo mengi hayana utaratibu huo. Na nataka pia kukiri jambo moja ambalo nimekaa nalo tangu 2008.

Nilikulia Tanga. Marehemu baba alikuwa fundi wa laini, na kwetu neno umeme na neno TANESCO yalikuwa kitu kimoja. Maji ya Mto Pangani yalizungusha mitambo ya Hale tangu 1964, nyaya zikaleta umeme mjini, msoma mita akapita, ukalipa. Ukikasirika ulikasirika, lakini hapakuwa na mahali pa kwenda. Baadaye ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, ukawa unanunua uniti kwanza ndipo taa iwake. Nilipofika Texas katikati ya miaka ya tisini kwa masomo, nilikuta mambo si tofauti sana. Aliyekaa Dallas alilipa kampuni ya Texas Utilities. Aliyekaa Houston alilipa Houston Lighting & Power. Kampuni moja ilifua umeme, ikausafirisha, ikausambaza na kukuletea bili, na serikali ya jimbo ikapanga bei. TANESCO mbili zenye kofia za kicowboy, basi.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyobadilika inabidi turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1920 umeme wa Marekani ulikuwa mikononi mwa matajiri wachache waliopandanisha kampuni juu ya kampuni, na aliyevuma zaidi ni Samuel Insull wa Chicago. Himaya yake ilianguka mwaka 1932, wawekezaji wadogo wakapoteza akiba zao, na mwaka 1935 Bunge la Marekani likapitisha sheria za kuwabana watu wa aina yake. Sheria hizo ziliipa serikali ya Washington mamlaka juu ya umeme unaovuka mpaka wa jimbo. Watu wa Texas wakapiga hesabu: tusipovusha umeme, Washington haitatugusa. Wakajifungia. Gridi ya Texas ikawa kisiwa, na kisiwa hicho tangu 1970 kinaratibiwa na chombo kinachoitwa ERCOT.

Kuna kisa kimoja ambacho sisi mafundi tunakipenda. Usiku wa tarehe 4 Mei 1976, kampuni moja ya magharibi mwa Texas iliunganisha waya kimyakimya kutoka mji wa Vernon na kupeleka umeme Altus, Oklahoma. Ilikuwa makusudi kabisa, ili kuvunja ule utengano. Wenzao wa Dallas na Houston walipogundua, walikata mara moja viungo vyao na kampuni hiyo ili wasije wakahesabiwa kuwa nao wamevuka mpaka. Kesi zikaendelea kwa miaka. Wenyewe wanakiita kisa hicho Muunganiko wa Usiku wa Manane. Utengano ukabaki, kisiwa kikabaki kisiwa, na mtakuja kuona kwa nini nimekitaja.

Sasa tuje kwenye soko lenyewe. Mwaka 1999 Bunge la Texas lilipitisha Muswada Namba 7 wa Seneti, ulioongozwa na Seneta David Sibley wa Waco na Mbunge Steve Wolens wa Dallas, na Gavana George W. Bush akausaini mwezi Juni. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwaka huohuo Uganda nayo ilipitisha Sheria yake ya Umeme, ikalivunja lile shirika la Uganda Electricity Board kuwa matatu: la kufua, la kusafirisha na la kusambaza. Ulikuwa upepo wa dunia nzima. Benki ya Dunia ilikuwa ikiuvumisha kwetu, na huku Houston aliyeuvumisha kwa nguvu kuliko wote alikuwa Enron.

Tofauti ilikuwa katika kipande cha mwisho. Uganda, baada ya kulivunja shirika, ilikabidhi usambazaji kwa kampuni moja, Umeme, kwa miaka ishirini kuanzia 2005 hadi Machi 2025 serikali ilipouchukua tena. Mtu wa Kampala hakuwahi kuchagua chochote. Tanzania mwaka 2002 iliikabidhi menejimenti ya TANESCO kwa Net Group Solutions ya Afrika Kusini, mkataba ukaisha 2006, na mteja akabaki na TANESCO yake. Texas ilikwenda hatua moja zaidi: ilimtenga muuzaji. Nyaya, nguzo na mita zikabaki kwa kampuni moja kwa kila eneo, Oncor kwa upande wa Dallas na Fort Worth, CenterPoint kwa Houston. Wafuaji wakawa peke yao. Katikati wakaingia wauzaji wa rejareja, watu ambao wengi wao hawana nguzo hata moja wala transfoma hata moja. Wananunua umeme kwa jumla na kukuuzia wewe, kama mwenye duka la mtaa anavyonunua gunia la sukari na kuipima kwa kilo.

Soko lilifunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2002. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 2 Desemba 2001, Enron yenyewe ilikuwa imefilisika kwa aibu kubwa. Mtu mshirikina angesema ni ishara mbaya.

Hapa niseme neno la haraka kuhusu gesi, maana kila mwezi huulizwa. Ndugu zetu wa Uingereza wanahama kampuni za gesi na umeme kwa pamoja, na wakitupigia simu wanatuuliza kwa nini sisi hatufanyi hivyo. Kwa sababu hatuwezi. Gesi ya nyumbani hapa ina kampuni moja kwa kila eneo: Dallas ni Atmos, iliyoinunua biashara ya gesi ya TXU mwaka 2004, na sehemu kubwa ya Houston ni CenterPoint. Anayesimamia gesi ni Tume ya Reli ya Texas, ambayo siku hizi haina hata behewa moja la kusimamia. Msiniulize kwa nini hawajabadilisha jina. Vilevile kama unakaa Denton au Garland, huna la kuchagua hata kwenye umeme, kwani umeme ni wa manispaa. Ndivyo ilivyo Austin na San Antonio, miji ambayo sheria iliwaruhusu kubaki nje ya soko nayo ikabaki.

Miaka mitano ya kwanza ilikuwa na utaratibu wa pekee. Kampuni za zamani ziliamriwa kuuza kwa bei maalumu, asilimia 6 chini ya bei ya Januari 1999, na hazikuruhusiwa kushuka chini ya hapo mpaka ipite miaka mitatu au zipoteze asilimia 40 ya wateja wa majumbani. Lengo lilikuwa kuwapa wageni sokoni nafasi ya kupenya kwa kuuza rahisi zaidi. Lakini bei hiyo iliruhusiwa kupanda mara mbili kwa mwaka kufuata bei ya gesi asilia, kwa kuwa mitambo mingi ya Texas inachoma gesi. Gesi ikapanda. Vimbunga Katrina na Rita vilipopiga visima vya Ghuba ya Mexico mwaka 2005, ikapaa. Bei iliyoanza chini ya senti 10 kwa uniti ilifika kama senti 15 mwaka 2006. Mtu aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu Arlington na AC inayonguruma mchana kutwa mwezi Agosti alijua alichokipata.

Hapo ndipo sifa yangu ilipokua. Nilikuwa nimesoma zile karatasi. Kila muuzaji analazimika kutoa karatasi inayoonyesha bei ya wastani kwa matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000, na Tume ya Huduma za Umma iliweka tovuti yake, Power to Choose, ili watu walinganishe. Nilikuwa nakaa na kompyuta yangu ya mapajani kwenye meza ya mtu, namwambia umepita mkataba wako, unalipa bei ya mwezi kwa mwezi, hama leo. Watu waliokoa dola 30, dola 40 kwa mwezi. Wengine walinitumia mbuzi. Nusu mbuzi, tuseme ukweli.

Sasa ule ukiri. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea wale Warundi wa 1972, watu waliokimbia mauaji ya mwaka huo wakaishia kambini Tanzania. Baadhi yao waliletwa Fort Worth. Kiswahili chao kilikuwa cha Kigoma, na mimi nilikisikia kama mtu aliyesikia redio ya nyumbani. Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye watoto watatu, akifanya kazi ya usafi hotelini. Kampuni kubwa zilimtaka amana ya mamia ya dola kwa sababu hakuwa na historia yoyote ya mikopo nchini. Mimi, bingwa, nikamtafutia kampuni ndogo, amana dola 150 tu, bei ya chini kuliko zote kwenye orodha. Nilijivuna. Nilimwambia, "Dada, hapa umepata."

Sikumwambia kitu ambacho mhandisi alipaswa kukijua. Muuzaji asiye na mitambo anaweza kununua umeme mapema kwa bei ya kufunga, au anaweza kucheza kamari kila siku kwenye soko la jumla. Anayeuza rahisi kupita wote mara nyingi ni yule anayecheza. Masika ya 2008 gesi ilipanda tena, bei za jumla zikalipuka, na kufikia Juni wauzaji kadhaa wadogo wakaanguka wiki kwa wiki. Wake alikuwamo.

Sheria ya Texas haimwachi mteja gizani muuzaji akifa. Anahamishiwa kwa mtoa huduma wa dharura, na taa haizimiki hata dakika moja. Ila bei ya huyo wa dharura ni ya dharura kweli. Bili ya mama yule ilitoka dola 110 mwezi Mei ikawa dola 260 na kitu mwezi Julai. Ile amana ya dola 150 ilibaki huko kwa marehemu, na yeye akawa mmoja wa wadai kwenye foleni ya mahakama. Nilipokwenda kumwona, nikiwa nimeshachapisha orodha ya kampuni nyingine tatu, alinikaribisha chai, akazitazama zile karatasi, akazirudisha.

"Kaka," aliniambia, "mimi nimehama Burundi nikiwa mgongoni kwa mama. Nimehama kambi mbili. Nimehama bahari. Nimehama vya kutosha. Huyu nitakaa naye."

Sikuwa na jibu. Nilimpa dola 150 kwenye bahasha, akazikataa, nikamwachia binti yake mkubwa mlangoni. Na mama yule alikaa kwelikweli. Baada ya msimu ule aliingia kwenye kampuni moja kubwa, mkataba ukaisha, akaachwa kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, na kwa miaka mingi alilipa zaidi ya majirani zake. Nikimtania kwenye sherehe anacheka, haongezi neno.

Wakati huohuo matajiri nao walikuwa wakipata somo lao, kwa kiwango chao. Mwaka 2007 kampuni ya TXU ya Dallas ilinunuliwa na wawekezaji wakiongozwa na KKR, TPG na Goldman Sachs kwa takriban dola bilioni 45, nyingi zikiwa za mkopo. Walibashiri kwamba gesi itaendelea kuwa ghali. Chini ya miguu yao, katika miamba ya Barnett huko Fort Worth, watu walikuwa wamekwisha jifunza kupasua mwamba kwa maji na kutoa gesi kwa wingi. Bei ya gesi ikaporomoka. Mwaka 2014 kampuni hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Energy Future Holdings, ikaomba ulinzi wa kufilisika. Lakini kushuka kwa gesi kulitufaa sisi wa chini, na miaka ile ya katikati ya 2010 ndiyo ilikuwa neema ya wahamaji. Mtu makini alipata mkataba wa mwaka mzima kwa bei ya kupendeza.

Ndipo wauzaji wakawa wajanja wa karatasi. Zilikuja mipango ya umeme wa bure usiku, na najua nyumba moja ya Wakenya Grand Prairie ambako pasi, mashine ya kufulia na sufuria ya githeri vyote vilianza kazi saa tatu usiku kama zamu ya kiwandani. Ikaja pia ile ya punguzo la kiwango. Chukua mfano: senti 16 kwa uniti, na ukifika uniti 1,000 unapunguziwa dola 80. Kwenye orodha mpango huu unaonekana kuwa wa senti 8 na unakaa juu kabisa. Tumia uniti 900, unalipa dola 144. Tumia 1,000, unalipa dola 80. Nimewahi kumkuta kijana wa Houston, mtaa wa Bissonnet, amewasha hita ya bafuni siku ya mwisho ya mwezi ili afikishe uniti elfu. Sikumcheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Lakini je, soko lilitusaidia? Gazeti la Wall Street Journal lilichambua takwimu za serikali mwaka 2021 na kukuta kwamba wakazi wa maeneo ya Texas yenye soko walilipa dola bilioni 28 zaidi, tangu 2004, kuliko ambavyo wangelipa kwa bei za kampuni za kawaida za jimbo hilohilo. Mimi naamini sababu mojawapo ni yule mama, na maelfu kama yeye. Soko la namna hii linawalipa wanaohama na kuwatoza wanaokaa. Anayekaa ni nani? Ni mzee, ni mgonjwa, ni asiyesoma Kiingereza cha mikataba, ni anayefanya kazi mbili.

Februari 2021 mnaikumbuka wote. Baridi iliingia mpaka Galveston, mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ikazimika. Usiku wa kuamkia tarehe 15, mapigo ya gridi, ambayo yanapaswa kuwa 60 kwa sekunde, yalishuka chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Yangekaa hapo dakika 9, mitambo mingine ingejizima yenyewe na Texas nzima ingeingia gizani kwa wiki, pengine zaidi. Waendeshaji wakakata umeme kwa mamilioni ya nyumba ili kuiokoa gridi. Kukopa kwa majirani kulikuwa kwa matone tu, kwa sababu ya ule ukuta wa 1935. Sisi Arlington tulilala sebuleni watu saba chini ya mablanketi, nikimweleza mwanangu habari za mapigo ya gridi, na yeye akiniuliza kama zinaweza kuchaji simu.

Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Watu zaidi ya 1,400 walikwenda hospitali kwa sumu ya kaboni monoksidi, waliowasha magari gereji na majiko ya mkaa ndani. Jambo hili linatuhusu sisi hasa. Kwetu jiko la mkaa tuliota moto nalo, ila nyumba zetu zilikuwa na madirisha ya nondo yanayopitisha upepo. Nyumba za hapa zimezibwa kama chupa.

Bei ya jumla iliwekwa dola 9 kwa uniti na kuachwa hapo siku kadhaa. Kampuni moja, Griddy, ilikuwa ikiwauzia wateja wapatao 29,000 kwa bei hiyohiyo ya jumla kwa ada ya dola 10 kwa mwezi. Miaka yote walifaidi. Wiki ile nyumba inayotumia uniti 60 kwa siku ilidaiwa dola 540 kwa siku moja. Griddy ikafilisika mwezi Machi, na Bunge likapiga marufuku mipango ya namna hiyo kwa nyumba za watu.

Na Julai 2024 kimbunga Beryl kilipoangusha nguzo za Houston, wateja zaidi ya milioni 2.2 wa CenterPoint walikosa umeme, wengine zaidi ya wiki, kwenye joto lile. Simu zilinijia: "Injinia, nihamie kampuni gani ambayo haikatiki?" Hakuna, ndugu yangu. Wauzaji wako zaidi ya mia, nguzo ni zilezile.

Mama yule umeme wake haukukatika 2021. Nyumba yake ipo kwenye laini moja na hospitali, basi. Majirani walilala kwake, kumi na wanne. Kiangazi kilichofuata alinipigia simu, mara ya kwanza kwa jambo hili tangu 2008. Alikuwa amestaafu, pesa zimepungua. Nilikwenda na kompyuta. Safari hii nilimsomea kila mstari kwa Kiswahili: bei imefungwa, miezi kumi na miwili, ukivunja mkataba faini ni kiasi hiki, ukihama nyumba hakuna faini, siku 14 za mwisho uko huru kuondoka. Kampuni ilikuwa ya nne kwa bei kwenye orodha. Aliuliza kwa nini si ya kwanza. Nikamweleza.

"Hiyo ungeniambia zamani," akasema.

Alichukua kalamu, akainuka mpaka kwenye kalenda iliyobandikwa kwenye friji, akanitaka nimtajie tarehe ya kwisha kwa mkataba. Kalenda ilikuwa ya mwaka ule tu. Akamwita mjukuu aende kutafuta ya mwaka unaokuja.